Lollipop Chainsaw RePOP kwenye Switch: ninunue, au nitafute PS3 ya mtumba?

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Gemu la Lollipop Chainsaw niliicheza zamani kwenye PS3, ile mashine ya gemu ya Sony, ya binamu yangu. Ni ile ya Juliet Starling, binti anayeshangilia timu ya shule, anayekatakata mazombi kwa chenso (msumeno wa injini) huku kichwa cha mpenzi wake Nick kikining'inia kiunoni na kulalamika muda wote. Nilicheka mpaka shemeji akaja kuuliza kulikoni. PS3 ile ilishakufa. Sasa nina Switch ya Nintendo, na naona kuna toleo jipya, RePOP, lililotoka Septemba 2024. Ni gemu lilelile au wamelichakachua? Halafu nakaa na dogo wa miaka 12 ambaye pedi haimtoki mkononi.

Fundi_Pedi: Lilelile, mkuu, ila limefanyiwa ukarabati. La 2012 lilitengenezwa na Grasshopper, studio ya Suda51, mbunifu wa magemu wa Kijapani, na James Gunn, huyuhuyu wa sinema za mashujaa, alihusika kwenye hadithi. Hili jipya ni la Dragami Games, kampuni ya Yoshimi Yasuda aliyekuwa Kadokawa Games. Suda na Gunn hawamo safari hii. Hadithi haijaguswa. Kilichobadilika ni uchezaji: chenso inakwenda haraka, kombo (mapigo ya mfululizo) zinaungana, na bunduki ya chenso sasa inamimina risasi mfululizo. Kama unakumbuka Juliet wa mwanzo alivyokuwa mzito kabla hujamnunulia mapigo kwenye duka la ndani ya gemu, hapo utashukuru.

Mama_Vinyl: Fundi umeruka jambo kubwa. MUZIKI. Nyimbo nyingi za leseni, yaani za wasanii wa nje zilizolipiwa kibali, zimeondolewa na kuwekwa nyingine. Gemu hili mabosi wake, yaani maadui wakubwa wa kila hatua, wenyewe ni aina za muziki! Zed ni panki, Vikke ni metali ya Kiviking, Mariska saikedeliki, Josey fanki, Lewis Legend rokenroli. Ukigusa nyimbo umegusa mifupa. Muziki wa Akira Yamaoka, mtunzi wa gemu la mwanzo, upo, sikatai, lakini mimi nilipoicheza nilijisikia kama nimealikwa harusini nikakuta DJ kabadilishwa.

Fundi_Pedi: Mama Vinyl, leseni za nyimbo si za milele. Wangefanyaje?

Mama_Vinyl: Sijasema wana kosa. Nimesema masikio yangu yameudhika.

kaka_wa_zamu: Kuhusu dogo: usidanganywe na rangi za pipi. Kuna hali mbili za kucheza. Ya RePOP inaondoa damu na kuweka madoido ya rangi, ya zamani inabaki na damu yake. Lakini matusi na utani wa chumbani viko palepale, na alama ya umri Ulaya ni 18. Cheza dogo akishalala.

Mwanzilishi wa uzi: Kaka nimekuelewa, hilo limeisha. Mama Vinyl umenitia wasiwasi, maana nakumbuka zaidi nyimbo kuliko mapigano. Na picha je, kwenye Switch?

Fundi_Pedi: Usitegemee uangavu wa PS5 au kompyuta. Ukiishika mkononi, kioo kidogo kinaficha mengi. Gemu lenyewe fupi, wikendi moja unalimaliza. Utamu ni kurudia: kata mazombi watatu au zaidi kwa pigo moja upate medali za platinamu, na okoa wanafunzi wote, maana ukimwacha hata mmoja mwisho unakuwa mbaya.

Mama_Vinyl: Hapo nakubaliana naye. Na wala usinunue PS3 ya mtumba kwa ajili ya gemu moja. Mimi niliuziwa moja, ikazima siku ya tatu, muuzaji hapokei simu hadi leo.

kaka_wa_zamu: Nje ya mada kidogo: dada zake Juliet ni Cordelia na Rosalind. Mtu aliyesoma Shakespeare alikuwa anajifurahisha pale. Na shule inaitwa San Romero, kwa heshima ya George Romero wa sinema za mazombi.

Mwanzilishi wa uzi: Miaka yote hiyo sikuliona hilo! Haya, nasubiri ipungue bei nichukue ya Switch. Mama Vinyl, nitumie orodha ya nyimbo za zamani nizipige pembeni kwenye simu.

Mama_Vinyl: Angalia inboksi.