Tupeane uzoefu: radi, maji, barafu, ulevi... unachanganyaje baraka kwenye Hades na gemu za ukoo wake?

MgumuWaMabatini

Wakuu, heshima zenu. Hapa Mwanza mvua imeshika tangu saa kumi jioni, bati linapiga kelele hadi sauti ya gemu siisikii. Nikaona bora nifungue uzi kuliko kuendelea kufa.

Nacheza Hades, ile ya 2020, kwenye laptop ya mtumba. Kwa asiyeijua: wewe ni Zagreus, mtoto wa mungu wa Kuzimu, unatoroka kwa baba yako. Ukifa unarudishwa nyumbani na kila baraka uliyookota njiani imeyeyuka. Baraka zenyewe zinatoka kwa miungu ya Olimpo. Zeus anakupa radi, Poseidon wimbi linalomsukuma adui, Demeter baridi inayompunguza mwendo, Dionysus ulevi unaomla adui polepole, Aphrodite anamlegeza, Ares anamwekea laana inayolipuka baada ya muda kidogo. Kila ukikutana na mungu, anakuwekea vitu vitatu, uchague kimoja.

Miezi miwili nimekuwa nikichagua kama mtu aliyealikwa harusi mbili siku moja, hapa pilau, pale kuku, na soda mfukoni. Jumamosi nilikuwa na radi kwenye pigo la kawaida, baridi kwenye pigo maalumu, wimbi kwenye mruko, na visu vya Ares vinavyozunguka kwenye jiwe la kurusha. Nikafika Elysium, eneo la tatu, kwa wale mabosi wawili, Theseus na Asterius. Skrini nzima inawaka rangi, huwezi kujua nani anampiga nani, halafu mstari wa damu wa Theseus umetulia kama maji ya mtungi. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu anakula miwa, akauliza, "Kaka, mbona una vitu vingi halafu vyote vinamtekenya tu?"

Nilikufa dakika hiyohiyo. Sasa semeni ninyi mnachanganyaje. Nataka yaliyowakuta wenyewe, zile orodha za mitandaoni nimeshazisoma.

MamaPadi_Igoma

Kaka Mgumu, pole. Mimi nina kibanda cha gemu Igoma, PS4 mbili. Asilimia kubwa ya wateja wangu ni mpira, ila kuna kijana mmoja, fundi viatu, yeye akilipa saa yake ni Hades tu. Nimemtazama mpaka nami nikaanza kucheza usiku nikishafunga.

Nilichojifunza kwake ni kwamba kabla hujafikiria kuchanganya, angalia mwendo wa silaha. Radi ya Zeus kwenye pigo la kawaida, ngazi ya chini kabisa, ni dameji 10, yaani madhara anayopata adui. Hiyo 10 haijali umepiga kwa kishindo au kwa kidole. Ukipiga mara tano, umeiita mara tano. Aphrodite yeye anaongeza asilimia 50 ya pigo lenyewe. Chukua silaha inayotoa 60 kwa mkupuo, umeongezewa 30. Chukua ngumi za 15, umeongezewa saba na nusu, na Zeus angekupa 10 na bado radi inarukia jirani.

Yule kijana alikuja siku moja na upinde, ule wa kuvuta na kusubiri, akaweka Zeus. Anavuta, anasubiri, anaachia, radi moja. Anavuta tena. Alilipa saa mbili na hakumwona hata joka la mifupa, bosi wa Asphodel, eneo la pili. Kesho yake kachukua ngumi, Zeus yuleyule, na padi yangu ya kushoto (ile niliyoifunga mpira wa tairi la baiskeli kwa sababu kijiti kimelegea) ililia kama cherehani. Alivuka Asphodel kabla chai yangu haijapoa.

Ile safari ndiyo alipata pia Sea Storm, baraka ya pamoja ya Zeus na Poseidon. Kila unapomsukuma adui kwa wimbi, radi inamshukia. Wimbi alikuwa nalo kwenye mruko. Kwa hiyo akikimbia kuokoa roho, anaua. Watoto wa mpira waliacha mechi wakaja kutazama.

TaaKwanza

Mwangaluka wanabodi. Mimi ni mtu wa dagaa, kambini. Siku za mbalamwezi hatuingii ziwani, dagaa hawafuati taa mwezi ukiwa mkali, kwa hiyo ndizo siku zangu za gemu.

Mgumu, tatizo lako nalijua maana nimelala nalo. Kwenye Kioo cha Usiku, kile cha nyumbani cha kununulia vipaji vya kudumu, kuna kipaji kinaitwa Privileged Status. Adui akiwa na laana mbili tofauti mwilini, yaani alama zinazobaki baada ya pigo kama ulevi au baridi, unampiga kwa nyongeza, ukikijaza inafika asilimia 40. Nilipokisoma nikasema tajiri nimepatikana. Nikachukua Zeus kwenye pigo la kawaida na Poseidon kwenye pigo maalumu. Radi ya kwanza, maji ya pili, hesabu imetimia. Nikacheza wiki nzima naona namba zilezile!

Kumbe radi ya Zeus peke yake si laana. Wala wimbi la Poseidon. Ni dameji tu, inapiga na kuondoka. Zeus anahitaji baraka ya pili ndogo, Static Discharge, ndipo radi yake inamwachia adui alama. Poseidon naye hivyohivyo, anayo ya kwake. Wanaoacha alama tangu baraka ya kwanza kwenye mapigo ni Aphrodite, Ares, Demeter na Dionysus. Hakuna mtu aliyeniambia hili, nililigundua nimekaa juu ya ndoo nasubiri dagaa zikauke.

Nilipoelewa nikabadilisha mkuki wangu. Pigo la kawaida nikampa Dionysus, kwa kuwa kuchoma ni haraka na ulevi unarundikana hadi mara tano. Pigo maalumu, ule mkuki wa kurusha na kuuita urudi, nikampa Aphrodite. Sasa mpangilio ni kama wa usiku ziwani. Taa kwanza, nyavu baadaye. Ukitupa nyavu kabla dagaa hawajakusanyika umepoteza mafuta bure. Nachoma mara nne tano adui alewe, ndipo narusha. Mkuki unapiga ukienda, anakuwa mlegevu, unapiga tena ukirudi, na laana mbili ziko mwilini. Hilo pigo la kurudi ndilo linaloua.

Halafu wale wawili wana baraka yao ya pamoja, aliyelegea anarundikiwa ulevi zaidi ya ile mara tano. Niliipata mara moja tu, na siku hiyo simu ikaita, boti imeharibika injini Ukara. Nikaacha kila kitu.

AsilimiaTu

Mnajichosha. Upanga, Aphrodite au Artemis kwenye pigo, Athena kwenye mruko ili mishale irudi ilikotoka, basi. Yale makomamanga yote ya kuongeza nguvu unamwagia baraka moja. Nimeshinda mara nyingi kuliko hao wa rangi rangi. Mchuzi wenye viungo kumi na viwili ni wa mtu asiyejua kupika.

TaaKwanza

Mkuu Asilimia, sikatai unashinda. Ila unacheza kama unalipa kodi.

BarafuBarafu

Hahaha TaaKwanza.

Mimi ni wa Demeter, nimekulia Bwiru kwenye upepo wa ziwa, labda ndiyo sababu. Uzoefu wangu ni wa baraka mbili za mungu mmoja kugombana, hilo watu hawalisemi. Baridi yake inarundikana hadi mara kumi, kila moja inapunguza mwendo kwa asilimia 4, ikijaa adui amepungua asilimia 40. Na bunduki ile inayomwaga risasi unajaza kumi mara moja. Vizuri.

Nikapewa baraka nyingine ya Demeter, Arctic Blast. Baridi ikifika kumi, inalipuka. Nikaichukua bila kusoma mstari wa mwisho, kwamba ikilipuka baridi yote inafutika. Nikaingia kwa baba mtu mwenyewe, bosi wa mwisho. Namwaga risasi, baridi inajaa, puu, mzee yuko huru, anakuja kwa kasi yake kamili na ule mkuki wake. Tena inajaa, puu, tena anakuja. Nilikuwa nategemea baridi impunguze mwendo na pia iwe laana ya pili kwenye Privileged Status, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naifuta kila sekunde chache. Kwa vikundi vya wadogo wadogo ni tamu mno. Kwa bosi mmoja mkubwa, mimi sichukui tena.

Nansio_Bila_Bando

Naomba nichomekee, mimi ni mwanafunzi, laptop sina, nacheza Dead Cells, gemu ya ukoo huohuo, kwenye simu. Ilikuja Android 2020. Nikienda nyumbani Ukerewe kwa meli nina saa tatu na kitu za kukaa, mtandao katikati ya ziwa hautabiriki, na hii haihitaji intaneti.

Kule hakuna miungu, silaha yenyewe ndiyo inabeba moto, sumu, barafu au mafuta. Kuna upanga wa mafuta, Oiled Sword, unampaka adui mafuta na unapiga pigo kali kama adui anaungua. Ila wenyewe hauwashi. Safari yangu ya kwanza nilikuwa nao na upinde wa barafu. Nagandisha, napaka mafuta, nagandisha, napaka mafuta. Mzee mmoja kakaa benchi la pembeni na kuku wake kwenye tenga, anatazama simu yangu. Akaniuliza, "Mjukuu, huyo unamkaanga lini?"

Nilicheka mpaka nikafa. Nikapoteza na zile seli zote, malipo ya kufungulia vitu vipya, nilizokuwa sijampelekea yule mkusanyaji anayezipokea.

Sasa sheria yangu ni kwamba nikishika kitu kinachosubiri kingine (mafuta yanasubiri moto, Nutcracker inasubiri adui agande au apigwe bumbuwazi), nafasi inayofuata ni ya huyo anayesubiriwa. Nikikosa hadi ramani ya tatu, nauza, hata kama namba zake zinapendeza.

MgumuWaMabatini

Dada Nansio, huyo mzee na mdogo wangu ni ukoo mmoja.

Swali kwa wote. Huyo mungu unayemsubiri akikataa kuja je? Mimi juzi nimemtafuta Dionysus kama daladala ya mwisho.

MamaPadi_Igoma

Kumbukumbu, kaka. Zile zawadi wanazokupa watu ukiwapelekea nekta. Pete ya Zeus ukiivaa, baraka inayofuata inakuwa yake. Na ukimaliza eneo unaruhusiwa kuvaa nyingine. Yule fundi viatu wangu anaingia Tartarus, eneo la kwanza, na ya Zeus, akitoka anavaa gamba la Poseidon. Kwa kawaida safari moja miungu wakubwa wanaokutokea hawazidi wanne, Hermes usimhesabu. Kwa hiyo ukijaza nafasi hizo na wageni usiowahitaji, yule wa nne unayemtaka unamfungia mlango mwenyewe.

Na ukikuta chumba cha miungu wawili wanaotaka uchague mmoja, chagua unayemhitaji na uwe tayari kwa hasira za aliyeachwa. Ukitoka hai naye anakupa yake. Mimi humo huwa nakumbuka mashangazi zangu.

KijanaWaPasiansi

Vipi ile ya pili? Hades II imetoka kamili Septemba 2025, kuna mtu kaigusa? Nimeona kule baraka zina alama za asili zenyewe, moto, maji, ardhi, hewa na etha.

BarafuBarafu

Nimeigusa kwa rafiki. Ndiyo, na kuna baraka zinazolala mpaka uwe umekusanya alama za kutosha za asili fulani. Kwa hiyo unajikuta unachukua baraka ya kawaida tu kwa ajili ya alama yake ya maji. Ni hesabu nyingine kabisa, ifunguliwe uzi wake.

MgumuWaMabatini

Nimerudi wakuu, mvua ilikatika na umeme nao ukaenda nayo, umerudi saa tatu usiku.

Nimefanya ya TaaKwanza. Mkuki, Dionysus kuchoma, Aphrodite kurusha. Baraka ya Zeus ya rangi ya zambarau ilinitokea chumba cha sita, inang'aa, mkono ulitetemeka, nikaiacha. Theseus ana ile ngao, ukimpiga mbele unapoteza nguvu. Basi nikamwacha, nikamalizana na Asterius kwanza, alilewa hadi nikamwonea huruma. Kisha nikawa narusha mkuki unampita Theseus, nazunguka, nauita, unampiga mgongoni ukirudi. Pigo la tatu la hivyo mdogo wangu alisimama.

Nimefika kwa baba mtu kwa mara ya kwanza. Nimekufa, alibaki na kipande cha damu kama kucha. Sasa dogo kanyang'anya laptop, kaweka ngumi na Zeus, anabonyeza kwa nguvu, na herufi ya X ilikuwa imelegea tangu Krismasi.

MamaPadi_Igoma

Mlete Jumapili kabla hajaing'oa. Mechi zikiisha saa nne, TV ya pili inakuwa wazi. Aje na padi yake kama anayo.