Naomba ushauri: "charge" kwenye hati ya mkopo wa shamba

Hamjambo wenzangu wa tafsiri. Nina hati ya mkopo ya Kenya yenye "charge" za maana mbili. "Bank charges" ni ada za benki, hapo sina shida. Kinachonikwamisha ni "charge" ya Sheria ya Ardhi ya 2012: shamba linakuwa dhamana ya deni, ila umiliki hauhamii kwa mkopeshaji.

Nimejaribu "rehani", lakini msomaji anaelewa kitu kimekabidhiwa, kama saa iliyowekwa rehani. "Dhamana" nayo inagongana na mdhamini aliye kifungu kinachofuata (na mahakamani ndiyo hiyohiyo ya kumtoa mtu rumande).

Je, nifafanue "rehani" mara moja mwanzoni kisha niitumie tupu, au kuna neno bora? Na "chargee" (mkopeshaji ambaye shamba ni dhamana kwake) mnamwitaje: mwekewa rehani?