Tupeane uzoefu: taarifa ya habari inakusaidia nini wewe?

Mwenye baraza (Mjini): Assalaam alaykum jamaa. Jana pale Jaws Corner, baraza letu la kahawa Mji Mkongwe, Zanzibar, kahawa ilipoa kwa ubishi. Mzee mmoja hapitwi na taarifa ya habari ya usiku, kijana anamwambia haijampunguzia bei ya mchele hata siku moja. Siasa wekeni pembeni. Nataka habari iliyokugusa mfukoni au kazini.

Mama Boflo (Mwanakwerekwe): Mie napika mikate na maandazi. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, nikakumbuka kuwa wote wawili ni wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Fedha ya mchezo nikaitia kwenye mapolo ya unga. Bei ilipopanda, wenzangu andazi lao lilikuwa limeshakuwa kama kifungo cha koti, langu bado lile lile. Ila hakuna mtangazaji aliyetaja Mwanakwerekwe, hesabu nilipiga mwenyewe.

Dereva (Fuoni): Bei ya mafuta wanayotangaza ZURA, wadhibiti wetu wa Zanzibar, kila mwezi, basi. Tabu ni televisheni za bara: zinatangaza bei za EWURA, wadhibiti wa huko bara, abiria ananishikia bango nauli ishuke. Mafuta yameshuka Dar, bwana, si hapa!

Mvuvi (Nungwi): Nasikiliza hali ya hewa tu. TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wakitoa tahadhari ya upepo na mawimbi, ngalawa haishuki. Makubwa mengine huanzia kwetu. Meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, tulipigiwa simu tukatoka na vyombo kuokoa watu. Waandishi walikuja baadaye kutuuliza sisi.

Mwenye shamba (Wete): Bei ya karafuu anatangaza serikali na mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kwa hiyo msimu ukikaribia redio haizimwi. Hata wachumaji wanasikiliza: bei ikipanda asubuhi, jioni washataka nyongeza kwa pishi. Ninayoikosa ni habari ya Indonesia. Wao ndio wazalishaji wakubwa kupita wote, na karafuu zao nyingi wanazitia kwenye sigara wavute wenyewe. Mavuno yao yakiharibika wanatafuta za nje. Hilo mtu akinieleza mapema namnunulia halua.

Bi Chake: Mie nimeacha. Vita, kura, ajali, moyo unakwenda mbio na vyombo havijaoshwa. Mwezi ukiandama nasikia msikitini.

Mwenye baraza: Na meli ikiahirishwa, bi mkubwa?

Bi Chake: Nna kijana wangu bandarini Mkoani. Ananipigia kabla hao wa redio hawajaamka.