Garchomp wangu ashike Life Orb au Leftovers?

Joka_la_Mchanga
Wakuu, naombeni ushauri. Kwenye mchezo wa Pokémon nina Garchomp wa kupigania mtandaoni, mapambano ya mmoja kwa mmoja, level 50. Ana mbinu nne: Earthquake, Dragon Claw, Fire Fang na Swords Dance. Nikimpa kifaa cha Life Orb anapiga kweli kweli, ila kinamkata uhai (HP) anajimaliza mwenyewe: adui anabaki na HP kiduchu, halafu anayeanguka ni wangu. Nikimpa Leftovers, kile cha kurudisha HP kidogo kidogo, anadumu, lakini mapigo yanakuwa kama anabembeleza. Jamaa yangu mmoja ananiambia dameji kwanza, mfu hapigi. Mwingine timu nzima kaivisha Leftovers. Nimsikilize nani?

PigaUue
Dameji. Leftovers mwachie Snorlax, yule Pokémon mnene.

MzeeWaHesabu
Mkuu, hao wote wawili waache wabishane. Na huyo wa Leftovers timu nzima mwambie kuna mashindano yasiyoruhusu kifaa kimoja kushikwa na wawili, ataaibika mlangoni.

Wewe hesabu mapigo, usihesabu dameji. Life Orb inaongeza 30%, na hiyo 30% haina maana yoyote mpaka ipunguze idadi ya mapigo ya kumwangusha adui. Tuseme Earthquake inamla 60%. Hayo ni mapigo mawili. Weka Life Orb, inamla 78%. Bado ni mawili! Umekatwa 10% ya HP yako kwa kila pigo na hujapata kitu. Sasa chukua adui ambaye unamla 40%, yaani mapigo matatu. Kwa Life Orb inapanda hadi 52%, yanakuwa mawili. Hapo sawa, umelipa na mzigo umeuona.

Ukienda kwenye kikokotoo cha dameji usiangalie namba kubwa. Kila pigo linazidishwa kwa bahati nasibu kati ya 85% na 100%, kwa hiyo soma ile namba ya chini kabisa. Kama unataka Life Orb ikupe uhakika wa kuua kwa pigo moja, pigo lako dogo kuliko yote liwe linafika 77% bila kifaa. Likiwa 70% unacheza kamari, na kamari ndiyo hiyo inayokuachia adui mwenye HP kiduchu.

Leftovers inarudisha 1/16 mwisho wa kila zamu, 6.25%. Watu wanaidharau. Lakini inaingia hata zamu ambayo umejificha nyuma ya Protect, hata ukiwa umekaa tu. Piga mara tatu na Life Orb, umetoa 30%. Kaa zamu tatu na Leftovers, umeingiza 18.75%. Ukilinganisha Garchomp hao wawili, mmoja yuko mbele ya mwenzake kwa karibu nusu ya HP nzima. Kwa anayekaa uwanjani zamu tano sita, hilo si dogo. Kwa anayeingia, anapiga mara moja na kutoka, hiyo 1/16 haina kazi.

Huyu wako ana Swords Dance, ambayo inazidisha Attack mara mbili. Zamu ya kucheza hiyo Swords Dance, Life Orb haikukati chochote, maana hujapiga mtu. Baada ya hapo adui laini wanakufa hata kwa kifaa chochote, kwa hiyo usiwapigie hesabu hao. Wapigie wagumu. Mfano Toxapex: mbinu yake ya Recover inamrudishia 50%, na akishika Black Sludge anaongeza 6.25% yake kila zamu. Jumla 56.25%. Kama unamla 45% kwa zamu, mtakaa hapo mpaka mchoke. Hiyo hiyo 45% ukiitia Life Orb inakuwa 58.5%, na sasa anazama taratibu. Kwa timu zenye wagumu wa namna hiyo mimi nampa Life Orb bila kufikiri mara mbili.

PigaUue
Yaani maneno yote hayo halafu jibu ni dameji 😂

MzeeWaHesabu
Jibu ni dameji kwa Garchomp HUYU. Angekuwa na Substitute (sanamu la kumkingia mapigo, analolipia HP) na Protect ningemwambia Leftovers. Substitute moja ni 1/4 ya HP, na zamu nne za Leftovers zinakurudishia hiyo robo yote. Umewahi kupigana na mtu wa hivyo? Unatamani kuzima mashine.

Mama_Nidoking
Naongezea kidogo. Kuna Pokémon wanaokula Life Orb bure. Nidoking mwenye kipaji cha Sheer Force hakatwi kitu akitumia Earth Power au Ice Beam, na Clefable mwenye kipaji cha Magic Guard hakatwi kabisa. Kwa hiyo kama timu yako ina mmoja wao na mashindano ni ya kifaa kimoja kimoja, Life Orb ni yake, Garchomp atafute kingine.

Na hesabu za Leftovers zote mnasahau pigo la Knock Off. Zamu ya kwanza tu kifaa kimeng'olewa, na pigo lenyewe limeongezeka nguvu kwa sababu ulikuwa umeshika kitu.

Kwenye hadithi ya mchezo wala usiumize kichwa: dawa ziko begini, mpe kila mtu cha kuongeza nguvu ya aina yake kama Charcoal, hakikukati HP.

Joka_la_Mchanga
Asanteni sana. Timu yangu haina Nidoking wala Clefable, basi Life Orb inabaki kwa Garchomp. HP yake ni 183. Niongeze EV (pointi za mafunzo) za HP au nisihangaike?

MzeeWaHesabu
Ukiongeza, ishia 189, ni EV 44. Makato ya Life Orb ni sehemu ya kumi na mchezo unatupa desimali: 183 unakatwa 18, 189 unakatwa 18 vilevile. Ukigusa 190 inakuwa 19. Siku ukirudi Leftovers mpeleke 192, EV 68, ili kila zamu irudi 12 badala ya 11. Ila hizo EV usizitoe kwenye Speed hata kwa dawa. Garchomp wenzake wamejaa huko mtandaoni, na atakayetangulia kwa Dragon Claw ndiye atakayebaki.