Tuisheni za karatasi: mtoto anajifunza au anajaza karatasi tu?

Mama wa Mmoja (mleta mada)
Wadau habari zenu. Naombeni mawazo, bila matusi. Mwanangu ana miaka 8, mwaka unakatika sasa yuko kwenye hizi tuisheni za karatasi, zile anapewa bunda la kurasa 10 kwa siku, siku mbili anaenda kituoni, zilizobaki anafanyia nyumbani mi nasahihisha na kitabu cha majibu. Kasi anayo, hilo sikatai, 7 mara 8 anakujibu hujafunga mdomo. Sasa jana nikamtungia swali la mdomo tu: basi lina abiria 28, kituoni wakashuka 9, wakapanda 4, ndani wako wangapi? Akanikodolea macho. "Mama, hili la kujumlisha au la kutoa?" Nikamwambia wewe unaonaje. Akasema, "kwenye karatasi huwa imeandikwa juu." Sijalala vizuri. Jioni zote zile, vilio vyote vile, afu hajui abiria wakishuka basi linapungua watu? Nimtoe au nivumilie?

Penseli Butu
Usimtoe. Kasi kwanza, maana itakuja yenyewe. Kichwa cha mtoto kinabeba vitu vichache kwa mkupuo, kikishaacha kuhangaika na 7 mara 8 ndo kinapata nafasi ya kufikiria hilo basi lako. Na kidogo kidogo kila siku ndo siri ya kutosahau, kuna Mjerumani alishathibitisha zamani sana. Tatizo la wazazi wa siku hizi mtoto akilia kidogo mnakimbia. Na tuseme ukweli, mtoto wa miaka 8 anayehesabu kwa vidole ni uzembe wa mzazi, karatasi ndo dawa yake.

Kifutio
Abiria 23. Ila dereva na konda hamjawahesabu.

Zawadi ya Jioni
Penseli Butu vidole vimeingiaje hapa?? Mleta mada kasema mwanae ana KASI. Wangu ana miaka 9 na anahesabu kwa vidole na mi siyo mzembe, nafika nyumbani usiku nakaa naye mezani mpaka macho yanauma. Kabla hujamwita mtu mzembe uliza kwanza.

Penseli Butu
Sijakutaja dada. Ila jiwe gizani, anayelia ndo limempata.

Zawadi ya Jioni
Limenipata ndiyo, kwa sababu umelirusha hadharani.

Mwalimu Mstaafu
Wanangu tulieni. Nimeshika chaki zaidi ya miaka 30. Vidole si uzembe, vidole ndo kifaa cha kwanza cha hesabu alichopewa binadamu, tunahesabu kwa makumi kwa sababu mikononi viko kumi, tungekuwa na vidole 6 kila mkono mngekuwa mnakariri tebo nyingine kabisa. Mtoto akiacha vidole kwa sababu havihitaji tena, hiyo ni hatua. Akiviacha kwa sababu amechekwa, anavificha chini ya dawati anaendelea kuhesabu kwa hofu. Nimewaona wengi, unaona bega linacheza tu.

Zawadi ya Jioni
BEGA LINACHEZA. Mwalimu umenimaliza, hivyo hivyo ndivyo anavyofanya.

Msemakweli
Mi niko kinyume na karatasi kabisa. Hizi zilianza China, jamaa mmoja alimtungia mwanae mazoezi, yakageuka biashara. Na hao hao China wameshapiga marufuku tuisheni zote. Wenyewe wamezikimbia sisi ndo tunazikimbilia.

Mpita Njia
Mkuu umechanganya madawa. Aliyemtungia mwanae ni Mjapani, Toru Kumon, mwalimu wa hesabu, 1954, mtoto yuko darasa la pili. Aliyelalamika kwanza ni mkewe, alikuta mtihani wa mtoto una alama mbaya. China ni habari nyingine, Julai 2021 walizuia kampuni kufundisha masomo ya shule kwa faida kwa watoto wa elimu ya lazima. Kuchora na muziki havikuguswa. Na marufuku siyo dawa, Korea Kusini walizuia tuisheni 1980, mwaka 2000 mahakama ya katiba ikasema mzuio ule unakiuka katiba, na tuisheni zikarudi kwa kishindo.

Msemakweli
Mjapani, Mchina, hoja yangu iko palepale.

Mpita Njia
Hoja yako ilisimama juu ya Mchina mkuu.

Penseli Butu
Ona sasa, kumbe mwanzo wa yote ni mama aliyekataa kubembeleza alama mbaya. Nasubiri mtu aseme naye alikuwa mzembe.

Baba Watatu
Ngojeni nitubu hapa maana nyumbani siwezi. Wangu wa kati karatasi zililundikana za siku sita, kesho yake kituoni. Usiku kalala, nikakaa mezani nikazijaza mwenyewe, kwa mkono wa KUSHOTO ili mwandiko ufanane na wake. Nikakosea maswali matatu makusudi isije ikaonekana. Kituoni wakasahihisha wakakuta makosa matano.

Kifutio
😂😂😂 Nimeangusha simu.

Zawadi ya Jioni
Matano!! Hayo mawili ya ziada ulikosea kwa dhati.

Baba Watatu
Moja la kugawanya, lingine mpaka leo nalipinga.

Msemakweli
Mnacheka lakini huo ni wizi wa mitihani. Baba anamfundisha mtoto kughushi, afu kesho tunalalamika taifa limeoza.

Baba Watatu
Taifa limeozea mezani kwangu? Mtoto alikuwa amelala mkuu, hajafundishwa kitu. Wewe uliyempeleka China Mjapani wa watu ndo unihubirie uaminifu?

Msemakweli
Nilikosea nchi. Wewe umekosea malezi.

Mwalimu Mstaafu
Baba Watatu mi sikuhukumu, ila ujue karatasi ndo huwa inamwambia mwalimu mtoto ana shimo wapi. Ukiijaza wewe, kituo kinaendelea kupanga masomo kwa kufuata mashimo yako.

Baba Watatu
Mwalimu, shikamoo. Hilo nimelielewa. Wiki ileile wakamrudisha nyuma kwenye kugawanya. Yeye kugawanya alikuwa anajua, asiyejua ni mimi.

Mpita Njia
Naomba niturudishe kwa mleta mada. Alichokutana nacho mwanae mi nakielewa. Ukurasa mzima ukiwa wa kutoa, mtoto akishajua la kwanza ni la kutoa, hayo 19 yanayofuata hasomi, anaendesha mkono tu. Kitu ambacho hajawahi kufanyishwa ni KUCHAGUA. Rohrer na Taylor waliliandikia hili 2007: wanafunzi wa chuo, ujazo wa maumbo, wengine wakapewa maswali ya aina moja moja, wengine yamechanganywa. Kwenye mazoezi waliochanganyiwa walionekana wabovu, wamepata asilimia 60 wenzao 89. Wiki moja baadaye kwenye mtihani ikageuka, waliochanganyiwa 63, wale wa aina moja moja 20. Kwa hiyo dada usimtoe kwanza. Chukua mkasi, kata zile karatasi za kujumlisha na za kutoa, swali moja moja, tia kwenye kopo, atoe bila kuangalia. Na ongeza ya maneno kama lile la basi.

Zawadi ya Jioni
Mkasi tena? Karatasi nimelipia afu nikate vipande, kituoni nirudishe nini, confetti?

Penseli Butu
Na hao ni wa chuo, huyu ana miaka 8. Usilete utafiti wa watu wazima.

Kifutio
Kwenye kopo mtoto atatoa moja, atauliza kopo linaisha lini.

Mpita Njia
Basi msikate, mpige kopi. Dah, yaani kwenye yote niliyoandika mmeona mkasi.

Mama wa Mmoja
Mpita Njia mi nimekuelewa, asante. Nitajaribu kopo. Ila kuna kitu sikusema kule juu. Kituoni wanatoa nyota, akifikisha idadi fulani anapata zawadi. Zamani alikuwa anakaa chini mwenyewe anaandika namba kwa chaki sakafuni anacheza duka, anajidai muuzaji, anarudisha chenji. Siku hizi nikimwambia tucheze duka ananiuliza "kuna nyota?"

Mwalimu Mstaafu
Hilo ndo lingenikosesha mimi usingizi, siyo basi. Kuna jaribio la 1973 Marekani, Lepper na wenzake, watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora. Kundi moja likaahidiwa cheti wakichora. Wakachora, wakapewa. Baada ya wiki moja hadi mbili wakaachiwa kalamu zilezile bila ahadi, hao wa cheti wakawa hawana hamu nazo kama wenzao. Na waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila kuahidiwa, hamu yao haikupungua. Kwa hiyo zawadi yenyewe haina kosa, kosa ni kuifanya mshahara.

Penseli Butu
Sasa hata nyota ni mbaya. Mtoto asilie, asipewe nyota, asiharakishwe, ahesabu vidole mpaka chuo. Mimi nilichapwa tebo ya 12 mpaka ikaingia na leo naishi vizuri, simu ya mtu siombi kupiga hesabu.

Zawadi ya Jioni
Ulichapwa ndo maana unaitetea. Ungekubali kwamba fimbo haikuwa na kazi ungefanyaje na yale maumivu yote.

Penseli Butu
Dada usinichambue. Niliuliza tiba?

Zawadi ya Jioni
Na mi niliuliza kama ni mzembe?

Kifutio
Nimekaa siti ya mbele, nimevua na viatu.

Mwalimu Mstaafu
Penseli mwanangu, hakuna aliyesema mazoezi yasiwepo. Huyo Mjerumani wako ni Ebbinghaus, 1885, alijikaririsha mwenyewe silabi zisizo na maana yoyote akapima anazisahau kwa kasi gani. Ndiyo, kurudia kwa nafasi kunasaidia. Lakini ona alichokuwa anakariri, vitu visivyo na maana. Karatasi zinafundisha vizuri sana kile zinachofundisha. Mtoto wa huyu dada kasi anayo tayari, sasa unampa kasi nyingine ya nini? Aliyepungukiwa kasi mpeleke. Na ukiona anakasirika kila jioni kwa miezi, punguza kurasa, 10 ziwe 4, kituo chochote chenye akili kitakubali. Kisipokubali hapo umeshajibiwa.

Penseli Butu
Kurasa 4 sawa, hapo nakubali nusu. Ila vidole bado sikubali.

Mwalimu Mstaafu
Haya, wewe mwenye tebo ya 12. Tandaza mikono yote miwili mezani. 9 mara 4: kunja kidole cha nne kutoka kushoto. Kushoto kwake vimebaki vingapi, kulia vingapi?

Penseli Butu
Mwalimu mi si mtoto.

Kifutio
3 na 6. Thelathini na sita!!! Nani alinificha hiki kitu miaka yote.

Zawadi ya Jioni
Nimemwamsha mtoto nimuonyeshe. Anacheka.

Baba Watatu
9 mara 7 ninayo hapa, 6 huku 3 kule, 63. Laiti ningejua usiku ule wa mkono wa kushoto.

Msemakweli
Huo ni ujanja, siyo uelewa. Muulize kwa nini inatokea hivyo hakuna atakayejua.

Mpita Njia
Kwa sababu 9 ni 10 kasoro 1. Kila unapoongeza 9 moja, kwenye makumi inaingia moja na kwenye mamoja inatoka moja, kidole kilichokunjwa kinasogea hatua moja kulia. Na hapa kwa mara ya kwanza nakubaliana na wewe, mtoto akiambiwa hivyo ndo amejifunza.

Mama wa Mmoja
Jamani mi niliuliza nimtoe au nisimtoe, ukurasa wa tatu huu tuko vidoleni 🙆🏾‍♀️ Jibu langu nadhani nimelipata kwa Mwalimu, kesho naenda kuomba kurasa 4 na nyota zake wazisitishe, nione watasemaje.

Kifutio
Kila la heri dada, utuletee mrejesho.

Penseli Butu
Mwalimu, swali dogo tu, siyo kwamba nimejaribu. 9 mara 12 inakuwaje? Vidole vimeisha.