Kila kichanga apimwe homoni ya thairoidi? Tujadili

Wakuu, salaam.

Mtoto wa dada yangu alisifiwa mtaa mzima kwa upole. Halii, hasumbui usiku, umemlaza hivi unamkuta hivihivi. Macho ya manjano yalifika wiki ya tatu, tukaambiwa tumwanike juani. Choo mpaka siku ya nne, kitovu kimetokeza, ulimi unachungulia nje. Wanaanza kumpima damu ana miezi 11, hata kukaa hajakaa. Kumbe tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayotoa homoni ya kukuza mwili na ubongo, haikuumbika vizuri. Sasa ana miaka 6, kila asubuhi anasagiwa kidonge cha levothairoksini, yaani homoni hiyo ya kutengenezwa, kwenye kijiko cha maji. Anatembea, anacheza, lakini darasani yuko nyuma, na hilo kidonge hakilirudishi.

Hoja yangu: Tanzania ipime kila anayezaliwa. Ugonjwa huu humpata takribani mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 4,000. Dawa ikianza ndani ya wiki mbili za kwanza, wengi hukua na akili sawa na wenzao. Kungoja dalili ni kujidanganya, maana wengi huzaliwa wakionekana wazima. Homoni ya mama huwakinga tumboni. Quebec, kule Kanada, walianza kupima miaka ya 1970.

Msiniambie karatasi za damu hatuna. Watoto wa akina mama wenye VVU wanachomwa kisigino kila siku kwa DBS, yale matone ya damu yanayokaushwa kwenye karatasi.

Nawasilisha.

Mkunga wa wilayani: Pole sana kwa mtoto. Ila DBS ile ni ya wiki ya 4 hadi ya 6, kwa ubongo umeshachelewa. Na ukichoma siku ya kwanza, TSH, homoni inayoiamsha tezi, iko juu kwa kila mtoto, utatisha wazazi bure. Inatakiwa siku ya 2 hadi ya 5. Wakati huo mama kashaondoka. Kitanda wamelala wawili, nimzuie vipi? Majibu yakirudi, namba aliyoacha ni ya shemeji, na shemeji yuko mgodini.

Mleta mada: Hapo kwa shemeji umenishika. Lakini Malaysia hupima damu ya kitovu, inakingwa mama akiwa bado leba.

Mkunga wa wilayani: Hiyo nakubali nusu. Damu ya kitovu tunaimwaga kila zamu. Tatizo ni lilelile la siku zote, mashine ipo vitendanishi, zile dawa za kupimia, vimeisha. Na bado atakayekutwa na TSH ya juu lazima atafutwe, arudiwe kipimo. Mimi ningeanza na hospitali za rufaa za mikoa tuone tunawapata wangapi kati ya tunaowaita. Na kabla ya yote hayo, tuache kuwaambia watu waanike mtoto mwezi mzima. Manjano ikivuka wiki mbili, apimwe.

Mchangiaji mwingine: Bajeti hiyo ingenunua damu salama kwa wazazi wanaofariki. Nadra ni nadra.

Mleta mada: Mkuu, mtoto asiyejiweza naye ana bajeti, tofauti ni kwamba analipa dada yangu.

Mama wa kichanga: Samahani kuwaingilia. Wangu ana wiki nne, macho bado ya manjano, choo kwa shida, na kweli halii. Niulizie kipimo gani?

Mkunga wa wilayani: TSH na T4, yaani homoni ya tezi yenyewe. Nenda kesho asubuhi dada, usingoje siku ya kliniki.