Re: Kazi za kiangazi za jiji kwa vijana (New York)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za huko.

Mama uliyeuliza juzi kama jiji lina kazi za kiangazi kwa kijana wako wa miaka 16: naam, mpango upo, na mimi niliufanya kiangazi cha 2025, nikiwa na miaka 19. Hapa New York unaitwa SYEP (Summer Youth Employment Program). Ni wa vijana wa miaka 14 hadi 24 wanaoishi ndani ya jiji, wiki sita za Julai na Agosti. Wengi wetu tunapatikana kwa bahati nasibu, si kwa maksi. Baba alicheka sana aliposikia, maana sisi Marekani tulifika kwa bahati nasibu ya viza, akasema basi na hii tutaipata. Mwaka wa kwanza tukakosa, wa pili jina likatoka.

Lakini jina likitoka bado hujapata kazi. Kuna karatasi, na hapo ndipo nilipokwama. Kadi zetu za Social Security (zile zenye namba ya hifadhi ya jamii) zilipokuja kwa posta, mama alizibeba zote akaenda kuzipiga laminesheni, kama alivyofanya na vyeti vyetu vya kuzaliwa kule Tanga. Siku ya kupeleka vielelezo, dada wa mapokezi akaipokea kadi yangu, akaigeuza nyuma mbele, akaingia nayo ndani. Alipotoka akaniambia nikaombe nyingine. Kumbe kadi ile haitakiwi kupigwa plastiki! Nyingine wanatoa bure, ila kuisubiri huku siku za mwisho zinakaribia, tumbo liliniuma kweli.

Na jina. Nilijaza fomu kwa majina mawili ninayotumia shuleni, wakati kadi ina matatu: langu, la baba na la babu. Mjazie kama kadi inavyosoma, herufi kwa herufi. Kwa kuwa yuko chini ya 18, atahitaji pia kibali cha kazi. Aulize shuleni kwake, na daktari lazima aandike kuwa ana afya. Kuomba ni bure, asije mtu akakutoza kwa kujaza fomu.

Malipo: saa 25 kwa wiki, dola 16.50 kwa saa mwaka ule (wa miaka 14 na 15 wana posho tu, si mshahara wa saa). Nilipiga hesabu kwenye treni, 412.50 kwa wiki, nikaanza kuzitumia kichwani. Slipu ya mshahara ikanizindua. Social Security na Medicare (makato ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee) wanachukua 7.65%, zaidi ya dola 31 kila wiki, na hizo zimekwenda. Kodi ya serikali kuu ni habari nyingine: kama mwaka uliopita hukudaiwa na mwaka huu hutarajii kudaiwa, W-4, fomu ya kodi unayojaza ukianza kazi, ina mahali pa kusema hivyo. Mimi niliogopa nisije nikaandika uongo, nikapaacha wazi, wakakata, nikangoja W-2 ya Januari (karatasi ya mapato na makato ya mwaka) ndipo nikazidai zirudi.

Nilipangiwa kituo cha wazee Bronx. Nilitaka ofisi yenye kompyuta, kwa hiyo wiki ya kwanza niligawa sinia za chakula nimenuna. Wiki ya pili mzee mmoja wa Puerto Rico aliniona nimesimama natazama wanavyocheza dhumna, akanisogezea kiti. Mimi dhumna nimeikuta barazani kwa babu, ila kwetu msichana analeta kahawa, hachezi. Nikapokea mawe yangu, na zamu yangu ilipofika nililibamiza jiwe mezani kama babu. Wazee wakapiga kelele kwa Kihispania, na tangu siku hiyo kiti kile kikawa changu.

Msimamizi, mama wa rika la bibi yangu, aliwahi kuniuliza mbona simtazami machoni, kuna nini ninamficha? Nikamweleza kuwa ni adabu. Kijana wako umwambie mapema, hapa wanalisoma vibaya. Na aombe barua ya kumdhamini kabla ya wiki ya mwisho. Yangu ndiyo niliyopatia kazi niliyonayo sasa.

---

Marahaba mwanangu, umenifungua macho. Swali: akilipwa, SNAP yetu (msaada wa chakula wa serikali) itapungua?

---

Dada, kama yuko chini ya 18, anasoma sekondari na anaishi nawe mzazi wake, mshahara wake hauhesabiwi kwenye SNAP. Akishatimiza 18 unahesabiwa. Kodi ya nyumba ina kanuni zake, usichanganye. Kama nyumba yenu ni ya ruzuku, waulize wanaokupangisha.

---

Ahsanteni sana. Nimeifungua bahasha ya karatasi zake sasa hivi. Kadi ina plastiki, tena nililipa ile nzito.